Kifafa na Hedhi: Mwezi Unahusika, Lakini Si Ule wa Angani

Ka umekulia Pwani, hii umeiskia. Kuna dem mtaani, labda Ukunda, labda kule Msambweni, labda ni siste yako. Wiki tatu yuko fiti kabisa, anapiga kazi, anacheka na kila mtu. Alafu siku moja anaanguka, anakakamaa, mikono na miguu inatetemeka, na akiamka hakumbuki kitu. Mwezi unaofuata, siku karibu zilezile, tena. Hapo ndipo wazee wanaanza: "Huyu anashikwa na mwezi." Mwingine anasema ni jini la baharini. Kabla jua lizame kuna mtu ashapiga simu kwa mganga na bei ya kuku mweusi inaulizwa.

Sasa tulia hapo kwa hilo neno "mwezi". Kiswahili ni kijanja sana. Neno moja linabeba ule mwezi wa angani, linabeba siku thelathini za kalenda, na bibi zetu wakisema mwanamke "yuko mwezini" wanamaanisha ako kwa siku zake. Kwa hivyo wazee wakisema huyu dem anashikwa na mwezi, wako karibu na ukweli kuliko wanavyojua. Wamekosea mwezi tu.

Kuna kifafa kinachofuata hedhi. Madaktari wamekipa jina la Kigiriki, katamenia, maana yake ni mambo ya kila mwezi, na si kitu cha nadra. Kati ya wanawake watatu wenye kifafa, karibu mmoja anashikwa zaidi kwa siku fulani za mzunguko wake. Fikiria hiyo hesabu. Alafu fikiria ni madem wangapi hapa Kwale wameanguka hivyo miaka na miaka na hakuna mtu amewahi kuwauliza swali moja rahisi: hedhi yako ilianza lini?

Mimi si daktari, na chuo niliachia njiani, lakini hii kitu nimeisoma mpaka ikaniingia. Wacha nikuvunjie.

Mafuta na breki

Ubongo wako unaendeshwa na stimu. Seli zake zinaongea kwa vijiumeme vidogo vidogo, na kuna kemikali za kukanyaga mafuta na kemikali za kushika breki. Breki kubwa kuliko zote inaitwa GABA. Fikiria matatu ya Likoni kwenda Ukunda. Dereva anahitaji vyote viwili ndio ufike. Kifafa ni pale breki zinapozidiwa, kundi kubwa la seli linawaka kwa pamoja, na mwili unafuata. Si lazima mtu aanguke. Wengine wanaduwaa tu dakika moja, macho yako mbali, mdomo unatafuna hewa, alafu wanarudi ka hakuna kitu kimetokea. Watu wanadhani ni madharau. Hicho pia ni kifafa.

Sasa leta homoni. Ovari za mwanamke zinatoa mbili kubwa, estrojeni na projesteroni. Wengi tulifundishwa shuleni kwamba kazi yake ni mambo ya uzazi, basi. Lakini hizi homoni zinatembea kwa damu, na damu inafika ubongoni, na zikifika huko hazibishi hodi.

Estrojeni, kwa jumla, inakanyaga mafuta. Si kila saa na si kwa kila mtu, kipimo kina maana, lakini ndiyo tabia yake. Mwaka 1959 kuna utafiti ulichapishwa ambapo wanawake wenye kifafa walidungwa estrojeni kwa mshipa huku ubongo wao ukipimwa. Wengi wao stimu za kifafa zilipanda kwa mashine, na wachache walishikwa hapo hapo. Leo sidhani kuna kamati ingeruhusu mtu afanye hivyo, lakini jibu lilipatikana.

Projesteroni ndiyo upande wa breki. Ikifika kwa ubongo inageuzwa kuwa kitu kinaitwa alopregnanoloni. Jina refu, usihangaike nalo. Kazi yake ni kukaa juu ya zile breki za GABA na kuzibonyeza zaidi. Ni mtaa uleule pombe inapofanyia kazi, na ndipo dawa ya kifafa ya fenobabitoni inapofanyia kazi pia.

Na hapa ndipo utaelewa kila kitu. Unamjua yule buda wa mnazi, asubuhi mpaka jioni, miaka kumi? Akiacha ghafla anaweza anguka hata ka hajawahi kuwa na kifafa. Ubongo wake ulizoea breki ya kukodi, breki imeondolewa siku moja, gari limechomoka. Siku chache kabla ya hedhi, mwili wa mwanamke unafanya kitu kinachofanana na hicho. Projesteroni ilikuwa imepanda wiki mbili, ubongo umetulia chini yake, alafu kwa siku mbili tatu inaporomoka. Hiyo kuporomoka ndiyo inaleta damu ya hedhi. Kwa mwenye kifafa, ndiyo inaweza leta na kuanguka.

Hiyo ndiyo njia ya kwanza na ndiyo maarufu: kuanzia siku kama tatu kabla ya damu mpaka siku ya tatu ya damu. Ya pili iko katikati ya mzunguko, yai linapokaribia kutoka. Hapo estrojeni imeruka juu na projesteroni bado haijaingia kazini, mafuta bila breki. Ya tatu ni ngumu kuinasa. Kuna miezi mingine yai halitoki kabisa, na bila yai kutoka, projesteroni ya maana haitengenezwi. Huyo mtu anakaa nusu nzima ya pili ya mzunguko bila kinga, anashikwa leo, anashikwa baada ya siku nne, hakuna tarehe moja ya kunyooshea kidole. Mwingine kifafa chake kilianza au kilichacha palepale alipovunja ungo, na familia ikasema amerogwa juu amekuwa mrembo.

Mzungu naye alikuwa na mganga wake

Usidhani haya mambo ya kuona kifafa cha mwanamke ka laana ni ya kwetu peke yetu. Mwaka 1857, London, kulikuwa na mkutano wa madaktari, na mmoja wao, Charles Locock, akasimama kuchangia. Huyu hakuwa mtu wa mtaani. Ndiye alikuwa anamzalisha Malkia Victoria. Akasema ana wagonjwa wanawake ambao kifafa kinawashika wakati wa hedhi, na yeye kwa akili yake tatizo lilikuwa ashiki. Yaani aliona hawa madem wana nyege nyingi, ndiyo maana wanaanguka.

Sasa alikuwa amesoma mahali kwamba kuna chumvi inaitwa potasiamu bromaidi, na mwanaume aliyeitumia nguvu za kiume zililala kwa muda. Akajiambia, ka inazima wanaume, itawazima na hawa. Akawapa. Kati ya wanawake kama 14 au 15, akasema ni mmoja tu aliyebaki vilevile.

Sababu yake ilikuwa upuuzi mtupu. Lakini dawa ilifanya kazi, juu bromaidi inatuliza ubongo, na ndiyo ikawa dawa ya kwanza ya kifafa duniani iliyosaidia kweli. Watu walikaa nayo mpaka fenobabitoni ikaingia mwaka 1912. Kwa hivyo historia yote ya tembe za kifafa ilianzia kwa wanawake walioanguka wakati wa hedhi. Na karne moja na nusu baadaye, kuna dem Kinango anaanguka kila mwezi na bado anaambiwa ni tabia zake.

Hapa kwetu Pwani

Utafiti mkubwa wa kifafa Pwani umefanywa kwa majirani, Kilifi, kwa kituo cha KEMRI na Wellcome Trust. Mwaka 2012 walichapisha hesabu yao: kati ya watu waliokuwa na kifafa kinachowashika, zaidi ya 60% hawakuwa wakipata dawa inavyotakiwa. Wakaangalia ni nini kinawazuia. Kukaa zaidi ya kilomita 30 kutoka hospitali. Kulipia dawa mfukoni. Imani za kimila, na kutoamini dawa za hospitali. Kilifi si Kwale, sawa, lakini mtu wa ndani ndani ya Kinango au Lunga Lunga akisoma hiyo orodha atajiona.

Na upande wa imani wacha niseme, juu najua mtaniingilia. Mimi sidai mtu aache mila zake. Kwa Wamijikenda, mtoto akishikwa na degedege inasemwa ni nyuni, ndege wa juu amempitia, na mganga anaitwa. Mingi ya hiyo degedege ni homa, mara nyingi malaria, na huyo mtoto anafaa kuwa hospitali saa hiyo hiyo. Mtu mzima naye anapelekwa kuchezewa ngoma ya pepo, ama anasomewa dua. Sawa. Kusomewa dua hakugombani na tembe. Shida inakuja pale mtu anaambiwa achague, atupe dawa ndio jini litoke. Dawa za kifafa ukizikata ghafla, unaweza shikwa mfululizo bila kuamka katikati, na watu wanakufa hivyo.

Shirika la Afya Duniani linasema watu karibu milioni 50 wana kifafa, na hadi 70% kati yao wangeweza kuishi bila kushikwa kabisa wakipimwa na kupewa dawa inayofaa. Saba kwa kumi, manze.

Kalenda uko nayo tayari

Utajuaje ka chako kinafuata hedhi? Hakuna kipimo cha damu kitakuambia moja kwa moja. Kuna kuhesabu tu. Unaandika siku ya kwanza ya damu, unaandika kila siku uliyoshikwa, miezi mitatu. Baada ya hapo unaangalia. Ka zile siku za karibu na hedhi zina mishiko kama mara mbili ya siku za kawaida, hiyo ni rada ya kupelekea daktari.

Na uhesabu kweli, usikumbuke tu. Akili zetu zinapenda kuunganisha vitu. Ukishikwa mara moja ukiwa mwezini utaikumbuka milele, na zile mara nne ulishikwa siku za kawaida utazisahau. Kuna wanawake wanaapa ni hedhi, kalenda inasema hapana, kumbe ni kulala saa tisa usiku kila wikendi. Kwa hivyo andika na hayo mengine: siku uliruka dawa, siku hukulala, siku ulikunywa, siku ulikuwa na malaria.

Madem wengi wa Kwale hawahitaji kufundishwa hii. Ka wewe ni Mwislamu, Ramadhan ukiingia mwezini hufungi, na baadaye unalipa zile siku. Kwa hivyo kuna mahali umeandika. Kwa simu, kwa daftari, nyuma ya mlango, kwa kichwa. Hiyo hesabu ya kulipa funga ndiyo hesabu ileile daktari anaitaka, unaongeza tu alama ya siku ulizoshikwa. Na tukiwa hapo kwa Ramadhan: kukesha mpaka daku na kusogeza tembe kiholela ni njia rahisi ya kuanguka. Ongea na daktari kabla mwezi haujaandama ndio akupangie dozi za futari na daku, ama akuambie wazi kwamba kwa hali yako usifunge.

Ukishajua kuna mpangilio, si ati ukimbie duka la dawa ununue projesteroni. Kitu cha kwanza daktari ataangalia ni ka dawa zako za kawaida unazimeza kila siku na ka dozi inatosha. Hapo ndipo wengi wanapona. Wengine wanapewa dawa ya kuongezea kwa zile siku chache mbaya tu. Projesteroni yenyewe ilijaribiwa Marekani kwa wanawake karibu 300, matokeo yakatoka 2012, na kwa jumla haikuishinda tembe bandia. Waliofaidika ni wale ambao kushikwa kwao kulipanda mara tatu au zaidi karibu na hedhi. Bila kalenda, hata daktari mwenyewe hangejua wewe ni wa kundi gani.

Sasa P2, na hii inakuhusu hata wewe mwenye uko fiti

Ni Jumapili asubuhi Diani. Jana kulikuwa na mbogi, kulikuwa na muziki, mambo yalifika yalipofika. Dem anaingia duka la dawa, anasema "P2" kwa sauti ya chini, anameza, anaendelea na maisha. Hakuna mtu kwa hiyo kaunta amemuuliza ka anatumia dawa ya kifafa.

Shida iko kwa ini. Dawa kadhaa za kifafa za zamani, na ndizo za bei nafuu na ndizo nyingi vituoni, yaani fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini ambayo wengine mnaijua ka Tegretol, zinaamsha vimeng'enya vya ini. Chukulia ini ni ka soko na hizi dawa zimeajiri kanjo wapya mia moja. Homoni za kupanga uzazi zikiingia, kabla hata zitandaze bidhaa, kanjo wamezibeba. Ulimeza dozi kamili, kwa damu imebaki kiduchu.

Kwa hivyo P2 inaweza feli. Tembe za kila siku zinaweza feli. Kijiti cha mkononi, ambacho kila mtu anakiamini, nacho kinaweza feli. Hiyo ya kijiti tuna ushahidi wa nyumbani kabisa, ingawa ulikuwa wa dawa nyingine inayoamsha ini vilevile: utafiti uliochapishwa 2015 kutoka magharibi mwa Kenya uliwaangalia wanawake wanaoishi na HIV, na wenye vijiti waliokuwa wakitumia efavirenzi walipata mimba karibu mara tatu kuliko wenye vijiti waliokuwa kwa nevirapini. Bado kijiti kilikuwa afadhali kuliko kumeza tembe, usikimbie kukitoa leo. Lakini mwenye anatumia dawa za kifafa anafaa kuambiwa kabla, si baada ya miezi miwili bila hedhi.

Vitu ambavyo ini haliviharibii kazi vipo. Koili ya shaba haina homoni, kanjo hawana cha kubeba. Sindano ya Depo ya kila miezi mitatu nayo inashikilia, na kwa baadhi ya wanawake inapunguza kushikwa, juu inalaza ule mzunguko wenyewe. Kondomu unaijua. Na ka ni dharura na uko kwa hizo dawa, koili ndani ya siku tano ndiyo ya kutegemewa zaidi. Uingereza tangu 2016 wanasema ka koili haiwezekani, mwanamke aliye kwa dawa hizi apewe dozi mbili za P2. Hiyo usijifanyie mwenyewe, mwambie mwenye duka la dawa jina la tembe zako na umuache afanye kazi yake. Na kumbuka ini halitulii siku uliyoacha dawa, linachukua kama wiki nne.

Kuna na barabara ya kurudi. Lamotrijini ni dawa nzuri ya kifafa na madaktari wanaipenda kwa wanawake vijana. Lakini tembe za uzazi zenye estrojeni zinaweza ishusha kwa damu karibu nusu. Hapo mimba haiji, lakini kifafa kinarudi, na dem anaambiwa dawa imemkataa. Dawa haijamkataa. Alipewa na mlango huu, akapewa nyingine na mlango ule, na hiyo milango haiongei. Si ajabu, vituo vingi chumba cha upangaji uzazi na chumba cha kifafa ni wahudumu tofauti, siku tofauti, daftari tofauti. Kwa hivyo wewe ndiye utabeba habari. Uwe unaenda hospitali ya rufaa ya Msambweni au zahanati ya kijijini kwenu, pakiti za dawa zote ziwe kwa mkoba, za kifafa na za uzazi, na uziweke mezani bila haya. Nesi hatakuangusha kwa kuona pakiti. Atakuangusha kwa kukisia.

Epilim, na hapa sichezi

Valproeti, wengi wanaijua ka Epilim, ni dawa kali ya kifafa na inafanya kazi vizuri. Lakini mama akishika mimba akiwa anaitumia, karibu mtoto mmoja kwa kumi anazaliwa na kasoro ya mwili, kama ya uti wa mgongo au ya moyo. Na watatu au wanne kwa kumi wanapata shida za ukuaji wa akili, kuchelewa kuongea, kuchelewa kusoma. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba isitumiwe kwa wasichana na wanawake wanaoweza kupata mimba, isipokuwa pale nyingine zimeshindikana.

Ka uko nayo saa hii, usiitupe leo usiku. Kuanguka mfululizo ukiwa mjamzito kunaweza kuua wewe na mtoto. Nenda uulize ka kuna dawa ya kubadilisha, pole pole, na uanze foliki asidi kabla ya mimba, si baada. Lamotrijini na levetirasetamu ndizo zinatajwa zaidi kwa mwenye anapanga kuzaa. Na ukishika mimba uende kliniki mapema, juu homoni za mimba zinafanya mwili ufukuze dawa haraka, lamotrijini hasa, na dozi iliyokutosha Januari inaweza kuwa ndogo Juni.

Najua kuna mtu anasoma hii na ashaambiwa na mama mkwe kwamba mwenye kifafa hazai. Wanazaa. Wengi wao wanazaa watoto wazima kabisa.

Machali, msijitoe

Testosteroni nayo inafika ubongoni, na huko inageuzwa vitu viwili: kimoja ni estrojeni, ndiyo, hata wewe buda uko nayo, na kingine kinafanya kazi ya breki. Wanaume hawana mzunguko wa mwezi kwa hivyo hamtaona tarehe. Mtakachoona ni kwamba zile dawa zinazoamsha ini zinaweza kushusha testosteroni inayofanya kazi, na hamu ikapotea. Chali anaona aibu, anaacha dawa kimya kimya, anaanguka juu ya nduthi. Ama anaenda kutafuta vidonge vya mtaani vya nguvu. Tramadoli, ambayo inauzwa hivyo kwa vichochoro, ina uwezo wa kuleta kifafa yenyewe hata kwa mtu ambaye hana. Mwambie daktari "hamu imeisha". Ni maneno mawili, na dawa zinabadilishwa.

Mamako naye, ka ana kifafa na anakaribia kukoma hedhi, ile miaka ya katikati homoni zinapanda na kushuka ovyo na anaweza kuanguka zaidi. Ikishapita kabisa, wengi wa wale waliofuata hedhi wanapata afueni.

Akianguka mbele yako

Usimtie kijiko mdomoni. Ulimi haumezwi, lakini meno yanavunjika. Usimshike kwa nguvu, usimwagie maji, usimnusishe kiatu. Ondoa jiko, ondoa mawe, weka kitu laini chini ya kichwa, na akitulia mlaze kwa ubavu. Angalia saa. Ikipita dakika tano, au akishikwa tena kabla hajaamka, au ni mjamzito, tafuta tuktuk, gari, chochote, hospitali. Akiamka atakuwa amechanganyikiwa na pengine amejikojolea. Mfunike na leso, tawanya umati, na simu za kurekodi zirudi mfukoni. Isipokuwa wewe uliye wa familia: video ya sekunde ishirini ya kumuonyesha daktari inasaidia kuliko maelezo ya watu kumi.

Na juu tunaishi kando ya bahari: mwenye kifafa anaweza kuingia majini, lakini na mtu anayejua kuogelea na anayejua hali yake, maji ya kiunoni, mchana. Kupika pia, jiko la chini ndilo linachoma wengi, kwa hivyo siku hizo apike mwingine. Ka kalenda yako ya miezi mitatu inasema siku mbaya ni kesho na kesho kutwa, lala mapema leo, tembe zako ziwe za kutosha mpaka wiki ijayo, mwambie mtu mmoja kejani, na bahari uiache mpaka Ijumaa.